Plaje nzuri haitoshi: uliza kwanza ni nani iko na ufunguo



Kuna picha moja inatembea sana mu simu zetu. Munaijua: mashini iko wazi juu ya meza ya mbao, nyuma yake bahari ya buluu, minazi miwili, glasi ya maji ya embe. Rafiki zangu wanne wanatumiana picha hiyo tangu mwaka jana, na sasa si mchezo tena. Wanataka kwenda. Wamekusanya dola 3,200, na kila mmoja kwa wakati wake ananipigia: «Mukubwa, tufungue wapi? Zanzibar? Mombasa? Ao tubaki ku ziwa yetu?»

Wanne hawa si watoto wa kudanganyika na picha. Walikuwa na biro ndogo Goma, chumba kimoja, dakika kumi kwa mguu kutoka ku ziwa. Kazi yao ilikuwa kuandika maneno chini ya video, kutafsiri Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, kwa wateja wa Ulaya na Kanada. Walikuwa wanalipa kodi ya nyumba, wanalipa masomo ya wadogo wao, na hawakumuomba mtu kazi. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mu mji, umeme ikaenda, maji ikaenda, intaneti ikaenda, benki zikafunga. Mteja wao mkubwa, wa Brussels, alingoja. Kisha akaandika barua ya heshima sana kusema anawaombea mema na amepata watu wengine. Barua hiyo waliisoma siku tisa baadaye, siku simu ilishika tena.

Kwa hiyo wakisema «plaje», hawasemi likizo. Wanataka kukodi nyumba ya vyumba vinne karibu na maji: viwili vya kukodisha kwa watu wanaofanya kazi na intaneti na wanaopenda kuogelea jioni, kimoja cha meza za kazi, kimoja chao. Kahawa, mikate, intaneti isiyolala. Ni biashara ya akili, siicheki.

Lakini maoni yangu nitayasema wazi, na najua wengine hamutakubali. Mtu anayechagua fasi ya biashara kwa kuangalia maji na mchanga anachagua kwa macho, na umeme na intaneti havionekani kwa macho. Lazima uulize vinatoka wapi, vinapita njia ngapi, na ni nani iko na ufunguo wa kuvifunga. Hilo la mwisho njo siye Wakongomani tunapaswa kulijua kuliko watu wote.

Tuanze na Zanzibar, juu njo jina linalotajwa zaidi.

Kisiwa kinapendeza, sitabishana. Watu wanaongea Kiswahili, na tangu 2022 serikali ya huko inaita kampuni za teknolojia kuja kukaa. Lakini umeme wa Unguja hautoki Unguja. Unatoka bara, unapita chini ya bahari ndani ya waya. Waya wa kwanza uliwekwa 1980. Desemba 2009 mambo yaliharibika, na kisiwa kizima kikakaa gizani paka Machi 2010. Miezi mitatu! Hoteli ziliishi kwa jenereta, na maji ya bomba yakakosa juu pampu zinatumia umeme. Mwaka mmoja na nusu mbele ya hapo, 2008, walikuwa wamekwisha kupitia giza ya karibu mwezi mzima. Waya mpya, wa megawati 100, uliwashwa 2013, na tangu hapo hali ni nzuri zaidi kwa mbali. Upande wa bara nako Tanzania imejenga bwawa kubwa la Julius Nyerere ku mto Rufiji, megawati 2,115. Kwa hiyo sisemi Zanzibar ni giza. Ninasema kisiwa ni fasi ambayo kila kitu kinafika kwa kupitia mlango mdogo, na mwenye biashara lazima aujue mlango huo.

Na kuna ufunguo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Tanzania nzima, na ikakaa hivyo karibu siku tano. Hapakuwa na waya uliokatika, wala mvua, wala volkano. Ilikuwa amri. Fikiria sasa ile nyumba ya vyumba vinne, wageni wawili wanaolipa kwa wiki, na video ya mteja inayopaswa kutoka Ijumaa. Utawaambia nini? Kwamba bahari bado iko palepale?

Wengine watanijibu: «Kwetu pia walikata.» Ndiyo, walikata. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Tena kutoka 31 Desemba 2018 paka karibu 20 Januari 2019, siku tulipokuwa tunangojea matokeo ya kura. Wakati ule tulivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta mtandao, tunasimama ku barabara kama watu wanaochota maji. Kwa hiyo hakuna Mkongomani anayeweza kujifanya hajui vile inchi moja inaweza kuzima biashara za watu wote kwa simu moja kutoka juu. Rafiki zangu wanakimbia jambo hilo. Basi wasilikimbilie tena mbele yao bila kujua.

Jambo lingine la Tanzania ambalo wengi hawalisomi mbele ya kupanda gari: Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kukataza wageni kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake kuna kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii. Zanzibar iko na leseni zake na ofisi zake za uwekezaji, tofauti na bara, kwa hiyo lazima kuuliza pande zote mbili na kuandikiwa jibu ku karatasi. Tuko wote mu Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, ni kweli, lakini kuingia ni jambo moja na kufungua mlango wa biashara ni jambo lingine. Mwenzetu mmoja alilipa garanti ya miezi sita mu mji mmoja wa pwani, akanunua meza na viti, njo akaanza kutafuta karatasi. Meza alizikuta amezigawa kwa majirani.

Sasa Mombasa, na pwani yake yote: Nyali, Mtwapa, Kilifi, upande wa kusini Diani. Nitasema bila aibu kwamba kwa kazi ya hawa wanne, ningewapeleka huko mbele ya Zanzibar. Sababu yangu ya kwanza iko chini ya maji. Waya mikubwa ya intaneti inayotoka baharini inapanda nchi kavu pale Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, na mingine baadaye. Sehemu ya intaneti ya Uganda, ya Rwanda na ya mashariki ya Kongo inapita humo humo mbele ya kutufikia. Unapokaa Mombasa unakaa ku chemchemi. Unapokaa Goma unakunywa maji ambayo inchi mbili zimekwisha kuyapitisha mu mabomba yao. Tena tangu 2023 Starlink inauzwa Kenya, yaani hata waya zote zikikatika kuna njia ya juu.

Lakini hapa pia tusilale. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM ziliumia pamoja, upande wa kusini mwa bahari, na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikaanza kutambaa. Kampuni mbili tofauti, majina mawili, lakini njia yao baharini ilikuwa jirani. Hilo ni somo kubwa kwa mtu anayenunua laini mbili akijisifu kwamba iko na akiba. Inawezekana laini zako mbili zinalala ndani ya shimo moja, ku barabara moja, na siku mtu wa kuchimba mtaro atapiga jembe, zote mbili zitakufa dakika moja. Uliza fundi, si yule wa kuuza. Wa kuuza atakuambia «hakuna shida». Fundi atakuonyesha nguzo.

Na umeme wa Kenya unajua kuanguka. Agosti 2023 inchi karibu nzima ilizimika usiku wa Ijumaa, paka uwanja wa ndege wa Nairobi ukakaa gizani. Tena tarehe 25 Juni 2024, vijana walipokuwa barabarani juu ya kodi, intaneti ikapungua sana. Hakuna inchi ya malaika. Tofauti ni kujua mara ngapi, kwa muda gani, na kama unabaki na njia nyingine.

Sasa niseme ya kwetu, ambayo inauma.

Watu wanafikiri Kongo haina bahari. Iko nayo. Muanda, pwani fupi isiyofika kilometa 50, lakini ni bahari kabisa, na mchanga. Tangu 2013 waya wa baharini wa WACS unapanda pale pale. Inga iko kilometa karibu 150 kutoka ku mdomo wa mto, na kila mwanafunzi wa inchi hii anajua hesabu yake kwa moyo: Inga 1 mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982, na nguvu ya mto inayoweza kutoa zaidi ya megawati 40,000 siku moja. Mafuta yanachimbwa mu bahari ya Muanda tangu miaka ya 1970. Chukua ramani, mpe mtu asiyejua Afrika, mwambie: chagua plaje ya kufungua biashara ya intaneti. Atatia kidole Muanda! Bahari, waya, mto wenye nguvu, mafuta, vyote fasi moja. Lakini kati ya vijana wote walionipigia juu ya jambo hili, hakuna hata mmoja aliyetaja Muanda. Na sio juu ya umbali peke yake. Ni juu tumekwisha kuzoea kuona umeme wa Inga unapita juu ya vichwa vyetu: laini ya Inga–Kolwezi, kilometa 1,700, ilijengwa kupeleka umeme ku migodi, na vijiji vinavyoishi chini yake vikabaki na vibatari.

Ku ziwa Kivu hadithi iko karibu sawa. Chini ya maji yale kuna gesi ya metani, kilometa za ujazo karibu 60. Upande wa Rwanda, kule Kibuye, mtambo wa KivuWatt unatoa megawati 26 tangu 2016. Ziwa ni moja. Upande wetu tenda zilitangazwa 2022, hotuba zikatoka, picha zikapigwa, na siye hatujachaji hata simu moja na gesi hiyo. Goma ilipata nafuu kwa mtambo wa maji wa Matebe, upande wa Virunga, uliozinduliwa Desemba 2015, na watu waliofungua mashini za unga, biro, saluni, wanajua vile mji ulibadilika. Biro ya rafiki zangu ilizaliwa juu ya umeme huo. Ndiyo maana ninakataa mtu aseme vijana wa kwetu hawapendi kuwekeza ku inchi yao. Walipopata umeme, waliwekeza. Vita ikaja ikakata.

Kalemie ingeweza kuwa jibu kwa wale wasiotaka kuondoka Kongo. Tanganyika ni maji mazuri, na mtambo wa Bendera unaipa umeme tangu wakati wa ukoloni. Lakini mtambo wa wakati wa ukoloni ni mtambo wa wakati wa ukoloni; mji umekua mara nyingi, mashini zimezeeka. Kwa kazi inayotuma video kubwa kila siku, leo sitamdanganya mtu.

Kuna kitu kingine ambacho picha ya minazi haionyeshi, nacho ni chumvi. Hewa ya bahari inakula vyuma. Inakula vifungo vya paneli za jua, inakula nyaya, inaingia ndani ya mashini. Nyumba iliyo mbele kabisa ya maji inakodishwa ghali na inaharibu vifaa haraka. Mita mia tatu au mia nne nyuma, ku barabara yenye duka la mikate, kodi inashuka, na mara nyingi njo huko waya wa intaneti umepita, juu wanaoufuata ni watu wengi, si mandhari. Mgeni atatembea dakika tano kwenda kuogelea, hatakufa.

Na tupige hesabu ya umeme ya nyumba yenyewe, juu wengi wanaogopa bei bila kuhesabu. Mashini sita, kila moja wati 60: hiyo ni 360. Boksi ya intaneti na mwenzake, wati 25. Taa nne za LED, 40. Jumla karibu wati 425. Masaa nane ya giza yanakula kilowati-saa tatu na nusu hivi. Betri moja ya litiamu ya kilowati-saa tano inakubeba usiku mzima wa kazi bila kelele wala esanse. Ni franga nyingi, ndiyo, inaweza kumeza sehemu kubwa ya zile dola 3,200, lakini inajulikana. Kinachoua hesabu ni klimatizeri. Ukiwasha moja tu ya kilowati moja, betri ile ile haimalizi hata masaa manne pamoja na mashini. Kwa hiyo chagua nyumba yenye dari ya juu na madirisha yanayotazamana, upepo upite. Wazee wa pwani walijenga hivyo mbele ya umeme kuwepo, na walikuwa na sababu.

Rafiki zangu walitaka kuamua kwa kuangalia video za watu wanaosifia. Niliwakatalia. Ukienda Januari ao Julai, kila plaje ni nzuri. Nenda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, siku mvua inapiga nguzo. Kaa wiki tatu. Usiulize hoteli, uliza muuza barafu wa samaki, uliza mchomeleaji vyuma, uliza mama wa friji ya soda. Hao njo wanajua umeme imeenda mara ngapi wiki hii, juu kila mara inapoenda wanapoteza. Tembea usiku usikilize: kama kila nyumba ya maana iko na jenereta inayonguruma, umekwisha kupata jibu bila kuuliza mtu. Na intaneti usiipime saa nne ya asubuhi wakati watu wako kazini. Ipime saa mbili ya usiku, na uangalie kasi ya kutuma, si ya kupokea peke yake. Kazi yao ni kutuma.

Najua kuna wanaonikasirikia hapa. Wananiambia: «Wewe wa mapambano, unasaidia vijana kuondoka? Nani atabaki?» Swali hilo ninaliheshimu, na nimelilalia usiku mwingi. Lakini sitamwambia dada wa miaka 26, anayelisha watu saba, akae kungojea transfomata mpya juu ya upendo wa inchi. Atafanya kazi pale umeme iko. Franga atakayotuma nyumbani italipa shule. Sauti yake itabaki yetu, kama intaneti ya huko haijakatwa. Wanaopaswa kujibu swali la «nani atabaki» ni wale wanaokaa ku meza ya Inga, ku meza ya gesi ya Kivu, na wale wanaotoa amri ya kuzima mtandao siku ya kura. Tuliwaambia wakati wa ile kodi ya RAM, tangu 2020, walipokuwa wanakata unité ku simu za watu maskini, na 2022 ikaondolewa juu watu hawakunyamaza. Tunaweza kuwauliza na hili: mwaka gani, megawati ngapi, mtaa upi. Na sheria inayokataza mtu yeyote, hata akikaa juu namna gani, kuzima intaneti ya inchi nzima, iko wapi? Waiandike. Wawekezaji wanaowatafuta Ulaya wanauliza swali lile lile ambalo wale wanne wananiuliza.

Kwa sasa wamekubaliana hivi. Mmoja wao, yule anayeishi Kampala, atashuka Mombasa na bus mwezi wa nne, mvua ikiwa imeanza. Ataanza Mtwapa, kisha Kilifi. Iko na kadi za simu za kampuni mbili, betri ndogo, na kaye ya kurasa 96 ambayo tumeipiga mistari: tarehe, saa umeme imeenda, saa imerudi, kasi ya kutuma saa mbili ya usiku. Dola 400 zimetengwa kwa safari hiyo, na hakuna kulipa garanti yoyote mbele ya kaye kurudi. Wengine watatu wamebaki na kazi ndogo ndogo, wanafanya usiku, wakati mega ni rahisi.

Kaye ikirudi tutaiweka hapa, kurasa zote. Na wewe unayesoma uko Kalemie, Uvira, Bujumbura, Muanda, Dar ao Zanzibar: anza yako leo usiku. Tuandikie umeme yako imeenda saa ngapi na imerudi saa ngapi.